Setilaiti zaanika siri ya mabwawa, ila matope hazioni

MNAMO Mei 2, 2024, Wizara ya Usalama wa Ndani iliwapa wananchi waliokuwa wakiishi karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178, katika kaunti 33, muda wa saa 24 kuhama makwao. Hifadhi hizo, wizara ilieleza, zilikuwa zimejaa au zimekaribia kujaa, na zingeweza kufurika wakati wowote. Mvua ya masika ya mwaka huo ilikuwa imekwisha kugeuka janga, na kufikia mwisho wa msimu ilikuwa imeangamiza karibu watu 300.

Amri hiyo ilitolewa kwa nia ya kuokoa maisha. Hata hivyo, iliacha swali moja bila jibu: ni nani hasa aliyejua kiasi cha maji kilichokuwa katika kila mojawapo ya hifadhi hizo 178? Kwa mabwawa makubwa ya kuzalisha umeme kuna vipimo, na kuna wahandisi wanaovisoma. Kwa mabwawa madogo ya mashambani, mengi yakiwa yamechimbwa na watu binafsi na vijiji, aghalabu kipimo ni jicho la mlinzi au la mchungaji anayenywesha mifugo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maji ni mali, na kwa taifa ambalo hukumbwa na ukame mwaka huu na mafuriko mwaka ujao, bwawa ni ghala. Ajabu ni kwamba siku hizi daftari la ghala hilo linaandikwa angani, na setilaiti zinazozunguka dunia mamia ya kilomita juu ya mawingu. Takwimu zake nyingi hutolewa bila malipo kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti.

Swali sasa si kama maji ya bwawa yanaweza kukadiriwa kutoka angani. Hilo limethibitishwa. Swali ni kadirio hilo linaaminika kwa kiasi gani, na linamfaa nini mkazi wa Garissa, Hola au Garsen anayeishi akitegemea rehema za Mto Tana.

Hesabu ya bwawa

Hesabu yenyewe ni rahisi kuielewa. Anayetaka kujua kiasi cha maji kilichopungua bwawani anahitaji mambo mawili: eneo lililofunikwa na maji, na kimo ambacho uso wa maji umeshuka. Akizidisha moja kwa jingine, anapata jibu.

Tuseme bwawa lina eneo la kilomita mraba 120, na baada ya kiangazi maji yanashuka mita mbili huku eneo likipungua hadi kilomita mraba 100. Wastani wa maeneo hayo mawili ni kilomita mraba 110. Zidisha kwa mita mbili, na maji yaliyotoweka ni takriban mita za ujazo milioni 220.

Mfano huo haukuchaguliwa kiholela. Bwawa la Masinga, lililoanza kazi mwaka wa 1981, huenea takriban kilomita mraba 120 linapojaa. Kwa hivyo, kila mita moja ya juu ya Masinga hubeba takriban mita za ujazo milioni 120. Bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a, ambalo ndilo ghala kuu la maji ya jiji la Nairobi, lina uwezo wa mita za ujazo milioni 70 pekee. Hii ina maana kwamba mita moja tu ya Masinga inazidi Ndakaini nzima.

Eneo la maji hupimwa kwa picha. Setilaiti za Landsat za Marekani zimekuwa zikipiga picha za dunia tangu mwaka wa 1972, na tangu 2008 picha hizo hutolewa bure. Sentinel-2, za Umoja wa Ulaya, huona vitu vyenye upana wa mita 10 na hurejea mahali pamoja kila baada ya siku tano. Maji hunyonya mwanga ambao nchi kavu na mimea huurudisha, na kwa sababu hiyo ukingo wa bwawa hujitokeza bayana pichani.

Tatizo la picha za aina hiyo ni mawingu, na mawingu hutanda hasa katika msimu ambapo mabwawa hujaa. Hapo ndipo rada inapohitajika. Setilaiti za Sentinel-1 hutuma mawimbi yanayopenya mawingu, usiku na mchana. Uso wa maji uliotulia huyarusha mawimbi hayo upande wa pili kama kioo, na hivyo bwawa huonekana jeusi katikati ya ardhi ing'aayo.

Kimo cha maji nacho hupimwa kwa kuhesabu muda. Setilaiti hutuma mawimbi ya rada chini moja kwa moja, kisha hupima ni muda gani yalichukua kugonga maji na kurudi. Teknolojia hiyo ilikusudiwa bahari. TOPEX/Poseidon, iliyorushwa na Marekani na Ufaransa mwaka wa 1992, ilipima usawa wa bahari, lakini wataalamu wakagundua kwamba kila ilipopita juu ya ziwa kubwa ilitoa kipimo kinachofaa pia. Dada zake za Jason zilifuata, kisha Sentinel-3 na Sentinel-6. Kasoro yake ni kwamba hupima mstari mwembamba tu chini ya njia yake. Bwawa lisilopitiwa na mstari huo halipimwi.

Kasoro hiyo ndiyo iliyowasukuma wanasayansi wa Marekani na Ufaransa, wakishirikiana na Canada na Uingereza, kuunda SWOT, iliyorushwa Desemba 16, 2022. Badala ya mstari, SWOT hupima ukanda wenye upana wa kilomita 120, na huchukua eneo na kimo kwa pamoja. Ilibuniwa kuona maziwa na mabwawa yenye ukubwa wa kuanzia mita 250 kwa 250. Kwa mara ya kwanza, mabwawa ya kadiri yameingia katika daftari la angani pamoja na yale makubwa.

Funzo la Ziwa Victoria

Umuhimu wa vipimo hivi ulidhihirika Afrika Mashariki kabla ya mataifa mengi kutanabahi. Ziwa Victoria huhesabiwa kuwa ziwa la asili, lakini tangu mwaka wa 1954, lilipokamilika bwawa la Owen Falls kule Jinja, ambalo sasa huitwa Nalubaale, maji yanayotoka ziwani hupitia milango inayofunguliwa na kufungwa na binadamu. Kwa maana hiyo, ziwa hilo ni bwawa pia, na bwawa kubwa ajabu. Kwa kuwa lina eneo la takriban kilomita mraba 68,800, sentimita tatu tu za maji yake zinazidi uwezo wote wa Masinga, ambao ulikuwa mita za ujazo milioni 1,560 lilipojengwa.

Kati ya mwaka wa 2003 na 2006 ziwa lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka 80. Wavuvi wa Kisumu walilazimika kuziburuta mashua zao matopeni, nayo mitambo ya kuvuta maji ikaachwa nchi kavu. Mjadala mkali ulizuka. Upande mmoja ulilaumu ukame. Upande mwingine ulidai kwamba Uganda ilikuwa ikifungulia maji mengi kupita kiasi ili kuendesha mitambo ya umeme ya Nalubaale na Kiira, kinyume na makubaliano ya zamani kwamba maji yanayotoka yafuate mtiririko wa asili.

Setilaiti ziliingia katika kesi hiyo kama shahidi asiye na upande. Wanasayansi wawili wa Marekani, Sean Swenson na John Wahr, walitoa utafiti mwaka wa 2009 uliounganisha vipimo vya kimo cha ziwa na vile vya GRACE. Hizo zilikuwa setilaiti pacha zilizorushwa mwaka wa 2002, zikifuatana angani na kupima mabadiliko madogo ya nguvu ya mvutano wa dunia. Maji yana uzito, na yanapoongezeka au kupungua mahali fulani, mvutano wa mahali hapo hubadilika.

Jibu lao halikumridhisha kikamilifu yeyote kati ya waliobishana. Ukame ulikuwa kweli, kwani hata maziwa mengine ya ukanda huu yalipungua. Lakini usimamizi wa mabwawa ulichangia takriban nusu ya maji yaliyopotea. Kwa ufupi, mvua ilikuwa na hatia na binadamu naye alikuwa na hatia.

Ziwa lilipanda tena baadaye, na mwaka wa 2020 likavuka rekodi iliyokuwa imewekwa mwaka wa 1964, likafukuza maelfu ya wakazi wa fuo zake.

Turkana na Nile ya Buluu

Hoja kwamba setilaiti huvunja usiri ilipata nguvu zaidi katika mito inayotoka Ethiopia. Ziwa Turkana hupata zaidi ya asilimia 80 ya maji yake kutoka Mto Omo. Ethiopia ilipoanza kujaza bwawa la Gibe III mwaka wa 2015, bwawa lenye uwezo wa mita za ujazo bilioni 14.7, wavuvi wa Turkana hawakuwa na mlango wa kubisha ili kuuliza ni maji kiasi gani yalizuiwa.

Vipimo vya rada vinavyochapishwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani ndivyo vilivyotoa jibu. Shirika la Human Rights Watch, likivitumia, lilitangaza mnamo Februari 2017 kwamba ziwa lilikuwa limeshuka takriban mita moja na nusu tangu Januari 2015. Kwa ziwa lenye eneo la kilomita mraba 7,000 hivi, hayo ni zaidi ya mita za ujazo bilioni 10. Mwaka uliofuata, Unesco iliingiza mbuga za Ziwa Turkana katika orodha ya turathi za dunia zilizo hatarini.

Hata hivyo, tahadhari ni muhimu hapa. Miaka hiyo pia ilikuwa ya ukame mkali nchini Ethiopia, na ziwa lilipanda tena mvua kubwa ziliponyesha kuanzia mwisho wa 2019, kama yalivyopanda maziwa mengine ya Bonde la Ufa. Setilaiti husema maji yameshuka kiasi gani. Haisemi ni nani aliyeyachukua. Ili kumjua mhusika, ni lazima hesabu ya mvua, ya mvuke na ya bwawa lililo juu ya mto iwekwe kando ya hesabu ya ziwa.

Kisa cha Bwawa Kuu la Ethiopia katika Nile ya Buluu kinaonyesha hesabu hizo zinapokubaliana. Mnamo Julai 2020, mazungumzo baina ya Ethiopia, Sudan na Misri yakiwa yamekwama, picha za Sentinel-1 zilionyesha ziwa likitanuka nyuma ya ukuta wa bwawa. Misri ilitaka maelezo ya haraka. Waziri wa Maji wa Ethiopia alijibu kwamba kuongezeka kwa maji kulikuwa sehemu ya kawaida ya ujenzi. Sudan ikasema vipimo vyake mpakani vilionyesha maji yakipungua kwa mita za ujazo milioni 90 kwa siku. Wiki moja haikupita kabla ya Addis Ababa kutangaza kwamba awamu ya kwanza ya kujaza, mita za ujazo bilioni 4.9, ilikuwa imekamilika.

Bwawa hilo, ambalo linaweza kuhifadhi mita za ujazo bilioni 74, lilizinduliwa rasmi Septemba 9, 2025. Tangu siku lilipoanza kujazwa, hakuna serikali iliyoweza kuficha ukubwa wake. Hapo zamani, kiasi cha maji yaliyozuiwa na jirani wa mto kilikuwa siri ya dola. Sasa ni jambo ambalo mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kulikadiria akiwa chumbani mwake.

Matope yasiyoonekana

Kwa Mkenya, hata hivyo, fumbo gumu zaidi liko nyumbani, nalo limelala chini ya maji ya Masinga.

Setilaiti huona uso wa maji, haioni sakafu ya bwawa. Inaweza kusema kwa uhakika mzuri ni kiasi gani kimeongezeka au kupungua tangu mwezi uliopita. Ili iseme jumla ya maji yaliyomo, ni lazima pawepo mtu anayejua umbo la shimo lililo chini. Umbo hilo hupimwa na wataalamu wanaopita bwawani kwa mashua wakituma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake. Ni kazi ya gharama, na hairudiwi mara nyingi.

Wakati huohuo sakafu haitulii. Mito inayoingia Masinga hupitia miteremko ya Murang'a, Nyeri, Kirinyaga na Embu, ambako mashamba hulimwa hadi kingoni, na kila mvua hushuka na udongo mwekundu. Udongo huo unapofika katika maji yaliyotulia hutua chini na kubaki. Miaka zaidi ya 40 ya mvua imepita tangu bwawa lilipojengwa.

Tuseme, kwa mfano, kwamba matope yamechukua sehemu moja kwa kumi ya nafasi ya awali. Setilaiti ingeendelea kuona uso uleule wa kilomita mraba 120 na kimo kilekile, na mwenye kutumia ramani ya mwaka wa 1981 angeandika kwamba bwawa limejaa mita za ujazo milioni 1,560. Ukweli ungekuwa pungufu kwa milioni 156, ambazo ni zaidi ya mara mbili ya Ndakaini. Kosa kama hilo lingegunduliwa katikati ya kiangazi, wakati ambapo kulirekebisha haiwezekani.

Hapo pana kinaya kikubwa. Mnamo Februari 2000 chombo cha anga za juu cha Marekani kilipima kwa rada miinuko ya sehemu kubwa ya dunia. Mabonde ambayo wakati huo hayakuwa na bwawa yalipimwa yakiwa makavu. Kwa hiyo, sakafu ya Gibe III na ya bwawa la Nile ya Buluu, yaliyojengwa baadaye, iko katika ramani ambazo yeyote anaweza kuzipata. Lakini Masinga, Kamburu, Kiambere na Turkwel yalikuwa tayari yamejengwa na kushika maji, na rada ilirudi na picha ya uso wa maji tu. Mkenya anaweza kuijua sakafu ya bwawa la jirani kuliko ya bwawa lake mwenyewe.

Si kwamba hakuna njia. Ukame, pamoja na maafa yake, humfunulia mpimaji kile ambacho masika huficha. Mwaka wa 2009 maji ya Masinga yalipungua hadi mitambo yake ya umeme ikazimwa, na nchi ikaingia katika mgao wa umeme. Katika misimu ya aina hiyo maji hurudi nyuma hatua kwa hatua, na kila picha ya setilaiti huchora ukingo mpya. Kingo hizo zikiunganishwa na kimo cha maji cha siku ya kila picha, hutokea ramani ya sehemu ya juu ya sakafu, pamoja na matope yake. Ile ya chini kabisa ambayo haikauki, itabaki kazi ya mashua.

Aidha, si kila bwawa linalopimika kwa usahihi sawa. Masinga ni pana, na maji yakishuka kidogo ukingo husogea mbali. Turkwel limebanwa katika korongo nyuma ya ukuta wa mita 153, na maji yanaweza kushuka mita kadhaa bila eneo kubadilika sana pichani. Huko, kipimo cha kimo ndicho cha kutegemewa. Na hata kosa dogo la kimo lina uzito wake. Sentimita 10 katika Masinga iliyojaa ni mita za ujazo milioni 12.

Setilaiti na mafuriko

Kuna jambo jingine ambalo washabiki wa teknolojia hulisahau. Ukame hujongea polepole, na setilaiti inayorejea kila baada ya siku kadhaa huuona ukija. Mafuriko hayangoji. SWOT huchukua siku 21 kukamilisha mzunguko wake. Sentinel-1 zilipokuwa mbili zilikuwa zikipokezana zamu, lakini moja iliharibika Desemba 2021, na mwenzake mpya hakurushwa hadi Desemba 2024. Ina maana kwamba katika mafuriko ya 2024, iliyosalia ilirejea katika njia ileile baada ya siku 12. Bwawa dogo linaweza kujaa, kupasuka na kukauka katika muda huo.

Usiku wa kuamkia Aprili 29 mwaka huo, maji yalisomba vijiji vya Mai Mahiu na kuua makumi ya watu. Taarifa za mwanzo zilisema bwawa lilikuwa limepasuka. Baadaye maafisa walieleza kwamba maji yalikuwa yamezuiwa na takataka chini ya tuta la reli hadi yakalivunja. Lile halikuwa bwawa katika orodha yoyote. Hakuna setilaiti ambayo ingelitangaza kwa wakati.

Solai ni kisa tofauti. Bwawa la Patel, lililopasuka usiku wa Mei 9, 2018 katika Kaunti ya Nakuru na kuua watu wasiopungua 47, lilikuwa limekaa juu ya kilima kwa miaka mingi, likionekana na kila aliyetaka kuliona. Kilichokosekana pale ni mtu mwenye wajibu wa kuuliza: bwawa hili lina maji kiasi gani, ukuta wake una nguvu gani, na ni nani anayelala chini yake?

Katika swali hilo setilaiti ina nafasi yake. Haiwezi kumwambia chifu kwamba ukuta utavunjika usiku wa leo. Inaweza kuwapa maafisa wa maji orodha kamili ya kila bwawa la kaunti, yakiwemo yaliyochimbwa bila kibali, pamoja na historia ya jinsi kila moja lilivyojaa na kupungua kwa miaka mingi. Amri ya saa 24 kwa watu wa mabwawa 178 ingepungua ukali kama orodha hiyo ingekuwa tayari mezani miezi sita mapema, ikibainisha yapi ya kuhofiwa na yapi si ya kuhofiwa.

Kufungua daftari

Kenya haikosi wataalamu. Kituo cha kikanda cha uchoraji ramani kwa ajili ya maendeleo, RCMRD, kimekuwa Nairobi tangu mwaka wa 1975. Shirika la Anga za Juu la Kenya liliundwa mwaka wa 2017, na Aprili 15, 2023 setilaiti ya Taifa-1 ilirushwa kutoka Marekani. Pwani ya Malindi yenyewe ilirusha setilaiti iliyopewa jina Uhuru tangu Desemba 12, 1970. Kinachohitajika si kuanza upya, bali kuunganisha kile kilichopo.

Kwanza, vipimo vya ardhini na vya angani viwekwe katika daftari moja. Kipimo cha angani kisicholinganishwa na cha ardhini ni kubahatisha kwa heshima. Kipimo cha ardhini kisichoweza kukaguliwa kutoka angani nacho ni neno la mwenye bwawa tu. Pili, sakafu za mabwawa ya Tana zipimwe kwa ratiba inayojulikana, na matokeo yachapishwe, ili kila asemaye bwawa limejaa asilimia kadhaa aeleze asilimia hiyo ni ya ujazo wa mwaka gani.

Tatu, na ndilo kubwa, daftari lisomwe na wenye mali. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kampuni ya KenGen hutoa tahadhari mabwawa yanapokaribia kufurika, na jambo hilo ni la kupongezwa. Lakini tahadhari ya siku ya mwisho na hesabu ya kila wiki ni vitu viwili tofauti. Mkulima wa ndizi kando ya Tana anayejua mwezi wa Machi kwamba Masinga limekaribia kujaa kabla ya masika kuanza, anajua pia kwamba ghala halina nafasi ya kupokea mvua inayokuja. Anaweza kuhamisha mbuzi, kuvuna mapema, au kutopanda kabisa katika bonde la chini.

Kuna watakaopinga. Watasema takwimu za mabwawa ni suala la usalama, au kwamba zitazua taharuki, au kwamba bei ya umeme itaingizwa siasa kila maji yanaposhuka. Hoja hizo zingekuwa na uzito kama siri ingekuwapo. Haipo tena. Mtu aliye Paris au Beijing anaweza leo kutazama Masinga likipanda na kushuka. Asiyeweza ni yule wa Madogo, ng'ambo ya daraja la Garissa, ambaye nyumba yake ndiyo itakayosombwa. Kumficha yeye peke yake kile ambacho dunia nzima inakiona si usalama.

Jicho la angani haliwezi kuzuia tope lisiingie bwawani, wala haliwezi kumwamsha mtu usiku. Kazi hizo zinabaki kwa mkulima anayeacha ukingo wa mto bila kuulima, kwa mhandisi anayeteremsha mashua kupima sakafu, na kwa afisa anayeisoma hesabu hiyo redioni kwa lugha ya wanaoishi chini ya bwawa.